Muuaji Aliyebisha Hodi

Jumapili, 9 Machi

Leo saa nane mchana filamu ya Dairekta imeingia mtandaoni. Mvua nayo imeanza saa nane na robo, kana kwamba ilikuwa inasubiri ruhusa.

Dairekta ni mtoto wa dada yangu. Kazi inayomlisha ni kupiga video za harusi, lakini jina hilo analo tangu ana miaka tisa, alipokuwa akitupanga sebuleni kama vikombe na kutuambia nani acheke na nani alie. Filamu yake inaitwa Hodi ya Oktoba. Ni ya kutisha. Usiku wa Halowini, mtu aliyevaa barakoa anaingia nyumba moja baada ya nyingine na kisu. Mtaani kwetu hakuna anayesherehekea Halowini, tunaijua kwa kuiona kwenye filamu za watu wengine, lakini Dairekta alisema anayejifunza kutisha huanzia hapo, kama anayejifunza kushona anavyoanzia kwenye foronya.

Na foronya ndiyo niliyomshonea. Barakoa ya muuaji ni foronya yetu ya zamani yenye maua ya bluu yaliyofifia. Nilitoboa macho mawili, nikazungushia uzi yasichanike.

Aliyeivaa ni mume wangu. Alikuwa fundi saa, na hakuwahi kuigiza hata siku moja. Walimpiga picha mwaka jana, Oktoba mpaka Novemba. Januari moyo wake ukasimama.

Kwenye video zote za harusi alizopiga Dairekta, mume wangu yuko nyuma ya bega la mtu mwingine. Kwa hiyo nilichobaki nacho, kinachotembea, ni hii filamu, na humo uso wake umefunikwa na foronya.

Sijaiangalia. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, upande wa nyuma ambako hakuna kifua cha mtu wala kiuno.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Watazamaji mia mbili na sita. Bado sijaangalia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeangalia.

Nilifunga duka saa sita kwa sababu hakuna aliyekuja, nikapanda nyumbani, nikaegemeza tableti kwenye kopo la vifungo. Nguo zimetundikwa chumba kizima, hazikauki, na madirisha yameingia ukungu. Ilikuwa kama kukaa ndani ya birika.

Filamu yote imepigwa humuhumu kwenye jengo letu. Mchana, maana Dairekta hana taa. Madirisha tuliyaziba kwa kitambaa cheusi kilichobaki kwenye majoho ya mahafali, na ukitazama kwa makini utaona jua linachungulia pembeni mwa usiku.

Kwanza ni korido. Korido yangu. Halafu anatokea mwisho kabisa, pale penye ndoo ya mchanga, na koti refu nililolipunguza mwenyewe. Anakuja. Anafika mlangoni, anainua mkono, anagonga mara tatu. Anarudi nyuma hatua moja, kama alivyofanya kila mlango maisha yake yote, ili mwenyeji asimkute puani.

Haikuwa kwenye mpango. Dairekta alinisimulia jinsi walivyobishana.

"Baba Mdogo, muuaji habishi hodi."

"Mlango wa watu huo."

"Ndiyo, lakini unakwenda kuwaua."

"Sasa ndiyo niwaingilie kama mwizi?"

Wakarudia mara tatu, mara tatu akagonga. Dairekta akasalimu amri, akabadilisha na jina la filamu.

Niliangalia mpaka katikati, usingizi ukanichukua, usingizi ule wa alasiri ya mvua unaokuzamisha na viatu. Nikasikia kugongwa. Nilinyanyuka nikaenda kufungua mlango. Korido ilikuwa tupu na sakafu imelowa. Nikasimama pale nimeshika kitasa, sijui ni kwa muda gani, nyuma yangu watu wakipiga mayowe kwenye tableti.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeangalia yote. Kisha nikaangalia yote.

Jumamosi, 15 Machi

Kumbe chini ya filamu watu huandika maoni. Mpangaji wa chini, yule binti anayefukuzwa kwenye ngazi na kufa wa pili, ndiye aliyenionyesha. Nimeyanakili machache.

"Muuaji anabisha hodi halafu anasubiri. Huyu kalelewa vizuri."

"Halowini ni Oktoba, nyie mmeiachia Machi. Mlikuwa mnamsubiri muuaji afike?"

"Damu ni nyanya kabisa, nimeona mbegu."

"Hiyo foronya kwetu ipo. Leo silali kitandani."

"Nimeogopa mara moja tu, mlango wangu ulipofunguka. Alikuwa shangazi."

"Huyu muuaji anatembea kama mtu aliyesahau amekuja kuchukua nini."

Hilo la mwisho nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiye! Miaka thelathini na moja nimemwona akiingia jikoni hivyohivyo, anasimama katikati, ananitazama kama mimi ndiye ninayejua alichofuata. Mtu asiyemjua wala hajawahi kufika hapa amemwona vilevile.

Jumapili, 16 Machi

Binti yangu alikuja. Anauza kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji na amepanga chumba hukohuko. Alileta mkate na vidonge vyangu vya presha, akavipanga kwenye kisanduku, siku kwa siku, bila kuketi.

"Mama, umeiangalia mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Nne?"

"Kumi na moja."

Akageukia sinki, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. "Unasoma na yale maneno?"

"Nayasoma. Yananichekesha."

"Wanamcheka baba, mama."

"Wanamcheka muuaji."

"Na muuaji ni nani?"

Filamu ilikuwa inaendelea mezani. Hakugeuza shingo hata mara moja. Nilipomwambia njoo uone baba yako anavyokuja kwenye korido, akasema basi litamwacha.

Mtoto huyu amekuwa jiwe. Siku ya mazishi alikuwa anahesabu viti. Nimemzaa mwenyewe lakini kuna siku namtazama nikaona dirisha la duka la dawa: nusu kioo, nusu chuma, na mkono unaotoa dawa.

Jumatano, 19 Machi

Suruali tatu za kupunguza. Mvua haijakata tangu jana.

Jumapili, 23 Machi

Kuna mtu anajiita Jicho Kavu, kazi yake ni kukaa mbele ya kamera na kusema filamu za watu. Anafuatwa na watu wengi kuliko waliomo mjini humu. Jana ameisema yetu, dakika nane nzima. Amemwiga mume wangu akitembea, kajifunika mto usoni, anagonga jokofu, anagonga kabati, anagonga ndizi. "Shikamoo, naomba nikuue," anasema.

Mpaka mchana watazamaji wetu walikuwa elfu arobaini. Maoni yanashuka kama mvua yenyewe. Mengi ni ya kurudia utani wa Jicho Kavu. Nilimtafuta yule wa kusahau alichofuata, nikamkosa, kazama chini huko.

Jumatatu, 24 Machi

Dairekta alikuja amelowa chapachapa, akasimama kwenye gunia la mlangoni akichuruzika.

"Mama Mdogo, naishusha."

"Unashusha nini?"

"Filamu. Nimempata jamaa mmoja wa mazoezi, kifua kama kabati. Nitapiga upya sehemu zote za muuaji. Hatagonga, hatasubiri. Atavunja mlango."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka mezani polepole.

"Na baba yako mdogo?"

"Nitamwandika mwishoni. Kwa kumbukumbu ya."

"Nina picha yake ukutani ya kumbukumbu. Mimi nataka anayetembea."

Akafunika uso. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, akalia kama alivyolia tulipokataa kufa vizuri sebuleni. Alisema ametumia miaka minne kwa ajili ya kitu hiki, na sasa akienda kupiga harusi watu wanamgongea meza na kusema shikamoo naomba nikuue. Alisema binti yangu naye anataka ishushwe, ndiye aliyempigia simu kwanza.

Nilimwomba anipe muda. Akasema mwisho wa Aprili, mvua ikipungua, jamaa wa mazoezi ataanza.

Binti yangu ndiye aliyempigia. Nimeandika hivi mara mbili na bado nauangalia mstari huu.

Jumapili, 30 Machi

Binti hakuja, nami sikumwita.

Siku zinaingiliana. Naamka naona ukungu kwenye dirisha, nalala naona ukungu, na katikati yake yuko yeye anapita. Nimeshajua dakika zake kama watu wanavyojua vituo. Dakika ya nne, hodi ya kwanza. Dakika ya thelathini na nane anaketi kwenye ngazi, mkono juu ya goti, kama anayengoja chai. Watu wanamcheka sana hapo. Dakika ya arobaini na nne ndiyo yangu. Anapita jikoni akimfuata mtu, anagonga kiti kwa nyonga, anaendelea hatua mbili, halafu anarudi anakinyoosha kile kiti kikae sawa na meza, ndipo anaendelea kumfuata mtu wake. Hiyo nikiiona najisikia kama mtu amenifunika shuka.

Nampenda zaidi kuanzia hapo. Bega la kushoto linakwaruza ukuta. Kichwa kinainama kidogo kwenye kona. Wakati mwingine nazima sauti, naacha mvua peke yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Asubuhi nimekuta maoni mapya, ya mtu anayejiita Popo Mvivu.

"Jamani, muuaji amepungua kimo. Kabla ya dakika ya 41 kichwa chake kinapita juu ya ile swichi ya taa iliyofungwa juu sana kwenye korido. Baada ya hapo kinaishia chini ya swichi."

Chini yake wamejibu zaidi ya mia. "Amelowa, akajikunja kama sweta." "Ni uchovu, kajitahidi sana mzee wa watu." "Hapana, ni wauaji wawili! Wa kwanza anabisha hodi, wa pili habishi. Nendeni mkaangalie, kuanzia dakika ya 41 hagongi hata mlango mmoja." Na mwingine: "Mikono ya koti inafunika vidole. Mara ya kwanza haikufunika."

Niliposoma kuhusu mikono ya koti niliweka sindano chini.

Koti lile nililipunguza mimi. Nikafungua daftari hili upande wa mbele, nikatafuta ukurasa wake: mkono, sentimita sitini na tatu, mpaka kwenye mfupa wa kifundo. Nikasimamisha filamu dakika ya ishirini. Mkono wa koti uko kwenye mfupa. Nikaipeleka mpaka ya arobaini na nne, pale anaposhika kiti. Ncha za vidole tu ndizo zinazoonekana.

Mimi ni fundi. Nimeangalia mara ishirini na sita. Aliyeona ni popo.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshona suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimwita Dairekta. Nilimwekea tableti mbele, kichwa chini ya swichi, nikamuuliza huyu ni nani.

Akaitazama muda mrefu, halafu akatazama viatu vyake. "Muulize binti yako, Mama Mdogo. Mimi niliapishwa."

Jumatatu, 7 Aprili

Nataka kuyaandika yote kabla hayajachanganyika na mvua.

Nilifika duka la dawa saa nne. Kulikuwa na foleni nikapanga foleni. Mbele yangu mwanamke mwenye mtoto anakohoa, mbele yake mzee anayebishana kuhusu rangi ya vidonge. Binti yangu alinijibu kama anavyowajibu wote, bila kuinua macho: "Karibu, nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumwona muuaji."

Akainua macho. Akamwomba mwenzake ashike dirisha, akanichukua mpaka stoo, katikati ya maboksi ya dripu. Taa ya humo inalia kama nzi.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu pale kwenye ngazi."

Akanisimulia. Ilikuwa siku ya tisa ya kupiga picha. Yeye alikuja mchana kuwaletea chakula. Mimi nilikuwa dukani nikishona oda ya sare za shule mia na arobaini. Akakuta kamera inarekodi, baba yake ameketi kwenye ngazi, na Dairekta anawaonyesha wenzake dole gumba, eti mzee leo ameiva. Yeye akatazama vidole vya baba yake. Kucha zilikuwa zimeingia bluu.

"Nilimvua ile foronya, mama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na midomo nayo ya bluu. Akaniambia, usipige kelele, wanarekodi."

Kumbe mume wangu alikuwa anajua tangu Agosti. Hospitali walishamwambia moyo umechoka, asipande ngazi, asibebe kitu. Akawaapisha wote wawili palepale, mkono wake juu ya mikono yao. Mama yenu ana sare mia na arobaini, alisema, akijua atafunga duka akae ananiangalia. Akimaliza nitamwambia mwenyewe. Na filamu je? Dairekta alitaka kuiacha. Mume wangu akakataa katakata, mtoto amehangaika miaka yote hii. Ndipo akamtazama binti yake, akampa koti.

"Nilimaliza sare tarehe kumi Januari," nikasema.

"Najua."

"Alikufa tarehe kumi na nne."

"Najua, mama. Siku nne zile nilikuwa nampigia kila asubuhi. Baba, leo. Anasema kesho, leo mama yako mgongo unamuuma, mwache apumzike."

"Mkaniacha nishone."

Akasogeza boksi moja la dripu.

"Miezi mitatu naendesha cherehani, yeye yuko huko juu nyumbani anaisha, nyie wawili mnajua, mkaniacha nishone! Usiku namwambia lala upande huo, unanibana. Ningejua ningemwambia lala upande huo?"

"Ndiyo, tulikuacha," alisema. Sauti ilikuwa ileile ya dirishani, na nikaichukia.

Nikamuuliza kuhusu kiti. Sijui kwa nini, kwenye yote yale nikauliza hilo.

"Kiti gani?"

"Cha jikoni. Ulikigonga ukarudi kukinyoosha."

Akafikiri. "Sikumbuki. Labda nilikirudisha tu mahali pake."

Nikatoka. Mwavuli niliuacha kwenye maboksi ya dripu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Binti kapiga simu mara tatu. Niliiangalia ikiwaka na kuzima juu ya kitambaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpangaji wa chini kaniletea supu. Kaniambia wale wa wauaji wawili wamekuwa wengi kuliko wa Jicho Kavu. Nilimwambia sitazami tena. Tableti iko ndani ya droo, chini ya zipu.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimeitoa.

Sikuanza mwanzo. Nilianza ngazini. Nilidhani siku zote anatania, kwamba muuaji kachoka ndiyo mzaha wake. Sasa naona kifua kinavyopanda ndani ya koti. Naona mkono ule juu ya goti umelishika goti, haukupumzika. Halafu, sekunde chache kabla picha haijakatika, anainua kichwa kutazama chini ya ngazi, nje ya picha. Najua sasa anamtazama nani. Binti yetu anapanda na chakula.

Kuna mtu kaandika juzi, jina sikulishika: "Hapa mimi sikucheka. Huyu baba anaumwa."

Nikaacha iendelee. Dakika ya arobaini na moja, korido, kichwa chini ya swichi. Kwa mara ya kwanza nikamtazama yeye nikijua ni yeye. Chumba kilikuwa kimejaa mvuke na nguo, na kati ya nguo binti yangu akawa anakuja kwangu amevaa foronya yetu na koti la baba yake. Analikanyaga pindo anajirekebisha. Bega linakwaruza ukuta. Nilikuwa nadhani nitaona mtu anamwiga mwingine. Haigi chochote. Ndivyo anavyotembea. Alianza hivyo ana miezi kumi na mitatu, kutoka kwenye kochi hadi kwenye meza, akafika katikati akasimama, akasahau anaenda wapi.

Mara kumi na moja, ishirini na sita, nimeketi hapa nikimpenda, nikimwita kwa jina la baba yake.

Dakika ya sitini na moja yuko mbele ya mlango wa mwisho. Anainua mkono. Mkono unabaki hewani. Unabaki sana, halafu anaushusha na kusukuma mlango tu. Watu wote kwenye maoni, hata wale wenye dharau, wanasema hapo ndipo walipoogopa.

Katika daftari hili nilimwita jiwe. Ukurasa huo sitauchana. Nikiusoma nione haya.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimngoja kwenye ngazi za kwake mpaka alipotoka kazini. Aliniona, akasimama na mwavuli wangu mkononi. Kumbe kila siku anatembea nao, akitumaini.

Chumba chake sikuwahi kukaa zaidi ya nusu saa. Kitanda, jiko la gesi, kiti kimoja. Alinipa kiti akakaa kitandani.

"Kwa nini ulitaka ishushwe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu wanamcheka baba kwa makosa yangu. Hodi sawa, ile ni yake. Lakini kujikwaa, kukwaruza ukuta, kutembea kama aliyepotea, ni mimi, mama. Nilikuwa sioni vizuri kwenye yale matundu. Kila nikisoma naona nimeiharibu kazi yake ya mwisho."

"Na ule mlango? Ulioshindwa kugonga?"

Akaulaza mwavuli wangu sakafuni. Nje mvua ilikuwa imepungua, yamebaki matone kwenye bati.

"Siku ile baba alikuwa amekaa nyuma ya kamera, amejifunika blanketi. Dairekta akasema gonga kama Baba Mdogo. Nikainua mkono. Nikaona nikigonga nitakuwa nimeshachukua nafasi yake, na yeye yuko pale ananiangalia. Nikashindwa. Nilimwambia nirudie, baba akasema usirudie, hiyo ndiyo."

Basi ndipo akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtu aliyejikata. Nilihama kutoka kwenye kiti. Nilimwambia sijawasamehe kwa zile siku nne, yeye na baba yake na yule mpiga harusi, na huenda nikachukua muda mrefu. Akasema sawa. Nikamwambia pia kwamba nilipoona kiti kinanyooshwa nilijua mtu wangu yuko hai. Akauliza tena kiti gani, nikacheka huku nalia, akanicheka ninavyocheka.

Tulikula mkate mkavu, mikono yake bado inanukia dawa.

Jumatatu, 21 Aprili

Dairekta haishushi. Binti alimpigia mwenyewe. Jamaa wa mazoezi kaambiwa asante.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua saa mbili nzima. Nimeanika kila kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Chuo cha ufundi kiliomba kuionyesha kwenye ukumbi wao, leo saa tisa alasiri. Niliziba madirisha mwenyewe kwa kitambaa kilekile cheusi. Viti vilijaa, wengine wakakaa sakafuni. Tulikaa mstari wa nne, mimi na binti yangu, na Dairekta alisimama ukutani.

Dakika ya nne mume wangu akatokea kwenye korido, mkubwa kama mlango wa kanisa. Watu wakaanza kupiga miluzi. Akainua mkono, akagonga mara tatu, akarudi nyuma hatua moja.

Ukumbi mzima ukaitika: "Karibuuu!"

Sikutegemea. Binti yangu alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza. Kila mlango aliogonga wakamkaribisha, mia tatu kwa pamoja, wakicheka, wengine wakimwambia pita ndani, mzee, pita. Alipoketi kwenye ngazi wakacheka tena, halafu kicheko kikapungua chenyewe. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema polepole, "Jamani, pole." Na mlango wa mwisho, mkono ulipobaki hewani, hakuna aliyeitika. Nilisikia watu wakipumua.

Taa zilipowaka kijana mmoja akasimama kuuliza kama ni kweli wauaji walikuwa wawili. Dairekta alinitazama. Wakaniletea maiki, nzito kuliko nilivyodhani.

"Wawili," nikasema. "Wa kwanza ni mume wangu, hayupo tena. Wa pili ni huyu."

Binti yangu akasimama. Hakujua afanye nini na mikono yake. Wakampigia makofi, na wa nyuma wakasimama juu ya viti wamwone alivyo.

Tulirudi kwa miguu, barabara imekauka katikati na madimbwi yamebaki pembeni. Yeye alibeba furushi la kitambaa begani. Mimi nilipunguza mwendo, nikabaki nyuma hatua kumi, kumi na tano.

Akageuka. "Mama, mbona unabaki? Umechoka?"

"Sijachoka. Tangulia tu," nikamwambia. "Nakuangalia."